Muziki wa Komunike

Mwalimu wetu wa estetiki alikuwa mgeni mjini, na kosa lake lote lilianzia hapo. Alitoka Lubumbashi, alikuwa hajamaliza hata miezi minne Goma, na bado alikuwa akijiziba pua kwa kitambaa kila lori lilipopita mbele ya shule na kutimua vumbi. Estetiki ni somo la uzuri wa sanaa, na katika shule yetu liliwekwa Jumanne saa ya mwisho, saa ambayo njaa imeshaingia na hakuna anayetaka kusikia habari za uzuri. Siku hiyo aliingia na redio ndogo ya kuchomeka flashi, akaiweka juu ya meza, akatuambia kwamba leo hatutanakili kitu ubaoni. Tutasikiliza muziki usio na maneno, kisha kila mmoja ataandika kurasa mbili: muziki huu umekuambia nini.

Tulikuwa darasa la mwisho la sekondari, na kunakili ndiyo kazi tuliyoijua. Mwalimu anaandika, sisi tunanakili, siku ya mtihani tunamrudishia maneno yake bila kuyavunja, na kila mtu anakwenda kwao salama. Kuulizwa wewe mwenyewe umesikia nini lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Jirani yangu wa benchi aliniuliza kwa kunong'ona jibu liko katika kitabu gani.

Mwalimu akabonyeza. Kinanda kikaanza polepole, noti moja moja, halafu tarumbeta ikaingia juu yake.

Darasa zima likanyamaza. Kalamu zikawekwa chini. Msichana wa benchi la mbele alijiziba mdomo kwa kiganja. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kumwona kimya isipokuwa amelala, alivua kofia yake na kuiweka magotini. Tuliinamisha vichwa tukangoja. Mwalimu alituangalia kwa furaha ambayo hata leo nikiikumbuka sijui nicheke au nilie. Alidhani ametushika mioyo. "Mnaona?" alisema. "Mnaona nguvu ya muziki?" Akaurudia mara ya pili, na mara ya tatu.

Hakujua maskini. Muziki ule aliununua kwenye flashi pamoja na nyimbo nyingine nyingi, haukuwa hata na jina, ulikuwa namba saba tu. Lakini ndio uliokuwa ukipigwa na redio moja ya mjini kwetu chini ya matangazo ya vifo. Komunike, ndivyo tunavyoyaita. Kila jioni saa kumi na moja na nusu, habari zikimalizika, kinanda kinaanza, tarumbeta inaingia, unapewa muda wa kutosha kuweka chini ulichoshika, halafu muziki unashuka na mtangazaji anasema: familia fulani ya Katindo, au ya Ndosho, au ya Majengo, inasikitika kuwatangazia ndugu na marafiki walioko Butembo, Beni, Rutshuru na kwingineko. Kisha jina. Mtoto wa Goma anaujua muziki huo kabla hajajua kuhesabu. Ukiusikia hujiulizi kama ni mzuri au mbaya. Unangoja jina.

Pale darasani ulinyamaza mara tatu bila jina. Tulibaki tumekaa tu, kama watu waliobishiwa hodi, wakafungua mlango na wasione mtu.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuuchukia kuliko wengine, na afadhali niiseme sasa.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa anakwenda Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, ananunua samaki waliokaushwa kwa chumvi, anarudi nao kupitia Rutshuru na kuwauza kwa jumla sokoni. Koti lake lilinuka samaki hata likifuliwa, na mimi nikiwa mdogo nilimwambia asinishike nikiwa na sare ya shule. Alicheka, akanishika hivyo hivyo. Vita ilipofunga barabara, yeye alikuwa upande wa pili. Alitupigia simu kutoka Rutshuru, akasema magari hayapiti, anarudi nyuma kidogo angoje, wiki ijayo tutaonana. Baada ya hapo simu yake haikuita tena. Siku ile ya muziki darasani, wiki hiyo ijayo ilikuwa imeshatimiza mwaka wa pili.

Maneno hayakukosekana. Mmoja alisema amemwona katika kundi la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu msituni. Mwingine alisema yuko Uganda, amenenepa. Wa tatu alisema kitu ambacho Mama alimkataza kukimaliza. Kila uvumi ulimpa Mama miezi miwili mitatu ya kuishi, kisha ulichakaa, tukangoja mwingine.

Mama alikuwa anauza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba, gunia limefunguliwa mdomo, ndoo ndogo ya kupimia juu yake. Jioni ndiyo saa ya wateja, kila mtu anataka kuwasha moto apike. Lakini muziki wa komunike ukianza kwenye redio yetu ndogo, Mama aliacha ndoo, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima. Sisi pia tulisimama, mimi na wadogo zangu wawili. Wateja walimjua, walingoja. Alisikiliza majina yote, ya wazee na ya watoto, ya waliokufa kwa ugonjwa na ya wale ambao mtangazaji hakusema walikufa kwa nini. Jina la mwisho likipita, alisema neno moja kwa sauti ya kawaida:

"Haiko mo."

Yaani hayumo. Kisha aliinama akaendelea kupima makala.

Kama baba hakutangazwa, basi yu hai. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya Mama, na aliifanya kila jioni, Jumapili pia. Mimi si mtu wa subira. Mwanzoni nilisimama naye kwa imani, baadaye kwa heshima, na mwishoni nilisimama huku damu inanichemka. Kwa sababu komunike haishuki kutoka mbinguni. Komunike inapelekwa redioni na familia ya marehemu, kwa mkono, imeandikwa kwenye karatasi. Nani angemtangaza baba kama si sisi? Mama alikuwa anangoja kila siku kusikia kutoka redioni habari ambayo ni yeye peke yake angeweza kuipeleka huko. Nililijua hilo, na wadogo zangu nadhani walilijua, lakini katika nyumba yetu neno hilo halikutamkwa. Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama: baba hakuwa hai wala hakuwa amekufa, na hakuna aliyethubutu kumsukuma upande wowote.

Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye pekee aliyejaribu. Alikuwa anakuja Jumapili moja moja baada ya misa, akikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mkononi. Alimwogopa shemeji yake kama watu wote walivyomwogopa.

"Shemeki," alisema, "tutaendelea vile mupaka wakati gani? Mutu hawezi kulala mu njia. Tumulilie, apumuzike. Na batoto bajue."

"Wewe ulimuona?" Mama alimuuliza. "Ulimuona na macho yako?"

"Sikumuona."

"Basi, kunywa chai yako."

Naye alikunywa chai yake akaenda.

Kwa hiyo mwalimu aliposema tuandike muziki umetuambia nini, nilikaa mbele ya karatasi nikiwa na hasira, na nikaamua kudanganya. Nilikuwa najua kuandika, hilo sitalificha. Nilijua walimu wanapenda nini. Nikaandika kwamba kinanda ni matone ya mvua ya kwanza juu ya mabati, na tarumbeta ni ndege mmoja anayeamka kabla ya wengine na kuwaita. Nikaongeza ukungu juu ya ziwa, nikaongeza jua. Nilijaza kurasa mbili bila kufuta hata mstari mmoja. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyekula chakula cha wengine, lakini nilikabidhi.

Jumanne iliyofuata mwalimu aliingia na rundo la karatasi, uso umekunjamana. Hakutusalimia. Alisema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba alikuja Goma akiwa na heshima kubwa kwa vijana wa mji huu, na sisi tumemtukana. Alichukua karatasi ya kwanza akasoma mstari: *nilingoja jina*. Akachukua ya pili: *nilijiuliza leo ni nani*. Ya tatu: *jina halikuja*. Ya nne, ya tano, zote zilikuwa hivyo. Alisema tumemwandikia insha moja, darasa zima, tumeketi mahali fulani tukapanga uongo mmoja na kuugawana kama mkate. Kila karatasi ilikuwa na sifuri nyekundu.

"Isipokuwa moja," alisema.

Nikatamani benchi linimeze. Alisoma insha yangu yote kwa sauti, matone ya mvua, ndege, ukungu, jua. Alisoma vizuri, hata akafunga macho kwenye ndege. Akasema huyu ndiye mwanafunzi pekee aliyesikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Nilipata kumi na saba juu ya ishirini, alama ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipata kwake.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia mtu nyuma yangu anafyonya, fyonyo refu la kukata maini. Chefu wa darasa, kijana mrefu mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wanaopiga kelele, akainuka. Alianza kwa Kifaransa, kikamshinda, akaendelea kwa Kiswahili.

"Prof, hatukukopiye. Ile muziki ni ya komunike. Ya batu banakufa. Iko mu redio kila siku. Hapa Goma, mutu akiisikia anangoja jina. Hata ungetuweka kila mutu mu nyumba yake, tungeandika vilevile."

Mwalimu alimwangalia. Akatuangalia sisi, mmoja mmoja, na nadhani aliiona upya Jumanne ile, vichwa vilivyoinama, kofia iliyovuliwa. Akavua miwani.

"Na huyu?" aliuliza, akinionyesha mimi kwa karatasi yangu.

"Huyu njo alidanganya," chefu alisema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mwalimu alikaa juu ya ukingo wa meza. Aliniuliza kama nimezaliwa hapa. Nikasema ndiyo, prof. Akaniuliza kama katika redio ya kwetu muziki huo haufiki. Nikasema unafika. Hakuniuliza la tatu. Alikusanya karatasi zote, zenye sifuri na ile yangu, akazichana mbele yetu. Akasema anaomba radhi, jambo ambalo sikuwahi kumsikia mwalimu akilisema, halafu akaharibu kidogo uzuri wake kwa kutupa adhabu juu ya radhi: kila mtu aandike upya nyumbani. Hataki kujua muziki unatumiwa kwa kazi gani, hilo ameshalisikia. Anataka kujua ndani ya kila mmoja wetu kunatokea nini ukipigwa. Na kwa kuwa moyo wake bado haujatulia kabisa kuhusu kunakili, kila karatasi iletwe na saini ya mzazi, kuonyesha kwamba mtoto aliandika nyumbani peke yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipitia njia ndefu. Nilimkasirikia mwalimu, nilimkasirikia chefu wa darasa, lakini nikiwa mkweli, aibu ndiyo iliyokuwa inanitembeza. Wenzangu wote waliokuwa darasani walisema kweli wakapata sifuri. Mimi niliyekuwa na baba kule barabarani niliandika ndege.

Jumapili Mama alikwenda misa na wadogo zangu, nikasema naumwa kichwa. Nilikaa kwenye meza ya jikoni. Sikuwa na muziki wa kusikiliza na sikuuhitaji, ulikuwa kichwani tangu noti ya kwanza. Safari hii sikuandika haraka. Niliandika kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa, lakini nilifikiri kwa Kiswahili, na sentensi zilitoka fupi, bila mapambo. Niliandika kwamba muziki ukianza mwili wangu unasimama wenyewe. Niliandika kuhusu mikono ya mama yangu inayofutwa kwenye kitenge. Niliandika kwamba tarumbeta inaomba jina, inaomba kwa adabu, kila siku, na sisi ndio tuliolificha. Kisha nikafika mahali ambapo kalamu ilikataa, nikainuka, nikaosha vyombo vyote ambavyo havikuwa vichafu, nikarudi. Nikaandika: *Mama yangu anangoja kusikia jina ambalo ni yeye peke yake anaweza kulipeleka. Baba yangu amekufa. Sijui wapi wala lini. Nimechoka kusimama. Nataka jina litajwe ili nikae chini nilie.*

Niliposoma tena mstari huo wa baba, nilijiona kama niliyevunja kitu cha mtu. Hakuna aliyewahi kuuandika, wala kuusema. Nililala kifudifudi kitandani nikalia mpaka niliposikia sauti za wadogo zangu uani.

Sasa kulikuwa na saini. Nusu ya darasa walijisainia wenyewe, hiyo ilikuwa desturi, na mimi pia nilishafanya hivyo mara kadhaa kwa mambo madogo. Nilifikiria pia kumpelekea baba mdogo. Lakini baba mdogo anasoma Kifaransa vizuri, angeisoma, na Jumapili inayofuata angeileta kwenye kiti cha plastiki kama silaha. Sikutaka maneno yangu yampige Mama kwa mkono wa mtu mwingine. Nikaamua kwamba nitaiga saini ya Mama baadaye, nikaikunja karatasi ndani ya daftari, nikaliacha daftari juu ya meza.

Jumatatu nilirudi kutoka shuleni saa nane, nikala, nikakaa nje na Mama kumsaidia kuchagua makala, makubwa upande huu, vipande vidogo upande ule. Kulikuwa na baridi, wingu limeshuka, volkano haionekani. Mama alitaka kuwasha mbabula, jiko letu la makala, apike chai, na kila siku aliiwasha kwa karatasi za madaftari yetu ya zamani. Aliingia ndani. Alitoka na karatasi mkononi, imekunjwa mara mbili, anaielekeza kwenye kiberiti.

"Hapana, Mama! Acha!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba jirani alichungulia. Mama alisimama na njiti yake haijawashwa.

"Uko unanikemea?"

"Hapana, Mama. Ni devwari ya masomo. Ya kesho."

"Devwari ya nini?"

"Ya muziki. Prof anataka muzazi asinye."

"Kama ni ya kusinya, juu ya nini unaificha?" Alikaa kwenye benchi lake, akaifungua karatasi juu ya magoti. Mama alisoma mpaka darasa la sita, na Kifaransa chake kilikuwa cha herufi kubwa za ofisini na maneno mawili matatu. "Nisomee. Mi sisinye kitu sijue."

Nikaichukua. Naomba anayesoma hapa asinihukumu haraka: nilianza kudanganya tena. "Inasema... inasema kinanda ni kama mvula," nilisema, macho kwenye karatasi. "Na tarumbeta ni kama ndege. Anaamuka asubui, anaita benzake..."

Mama alinyoosha mkono. Kidole chake cheusi kwa makala kikapita juu ya mistari, polepole, kikasimama. Kilisimama juu ya *ma mère*, mama yangu. Hakuna mama wa Goma asiyeyajua maneno hayo, watoto wanayaandika kwenye kadi tangu shule ya vidudu.

"Hapa ni miye," alisema. "Miye niko ndege?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Soma hapa."

Nilisoma hapo. Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza. Mikono inayofutwa kwenye kitenge. Tarumbeta inayoomba kwa adabu. Jina ambalo ni yeye peke yake anaweza kulipeleka. Nilipofika kwenye baba nilisimama, nikamtazama, naye hakunitazama, alikuwa anaangalia gunia. Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, mchana, mbele ya nyumba yetu: papa alikufa. Nikamalizia kuhusu kusimama na kukaa chini.

Mteja alikuja na ndoo yake, mzee mmoja wa jirani.

"Makala haiko," Mama alimwambia.

Mzee alilitazama gunia lililojaa mbele yake, akatutazama sisi, akaondoka.

Nilingoja kofi. Nilikuwa tayari kwa kofi, ningelipokea kwa shukrani. Mama alichukua kipande cha makala kutoka kwenye rundo la makubwa, akakihamishia kwenye rundo la vidogo, akakirudisha.

"Weye unachoka kusimama," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na miye, unazani sichoke?"

Miaka miwili nilimwona kama mtu asiyejua hesabu, nikamdharau kimoyomoyo, mama yangu mwenyewe, nikijiona mwenye akili kwa sababu niligundua komunike inapelekwa na nani. Kama vile yeye hakujua. Alikuwa anajua kuliko sisi sote. Alimshika baba kwa mikono miwili mbele ya mlango ule na kila jioni alisimama ili asiteleze.

"Nilijua, mama," aliniambia. Aliniita hivyo, mama, mimi binti yake, kama alivyoniita nikiwa mdogo na homa. "Nilikuwa nangoja mutu mwingine aseme mbele. Papa yako mudogo alikuwa anasema tumulilie. Hakusema alikufa. Hata yeye aliogopa." "Lete biki."

Nikampa kalamu. Alitia saini chini ya ukurasa wa pili, jina lake lote, herufi kwa herufi, na kidole gumba kikaacha alama nyeusi pembeni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa kwikwi, pua inanitoka, mtu mzima wa darasa la mwisho. Nilimwomba msamaha. Alisema hajui ananisamehe nini.

Kisha alilivuta daftari langu, akachana ukurasa mweupe katikati, akaniwekea magotini.

"Sasa andika na ile ya redio."

Mimi niliyejaza kurasa mbili za ndege bila kufuta, sikuweza kuandika mstari. Mama alinisaidia. Alinitajia polepole, kama mwalimu wa imla, maneno ambayo alikuwa ameyasikia jioni nyingi kuliko mtangazaji mwenyewe. Familia ya hapa. Inasikitika kuwatangazia ndugu na marafiki walioko Butembo, Beni, Rutshuru, Vitshumbi na kwingineko. Kifo cha baba yao, bwana wake, ndugu yao. Alitaja jina la baba, majina yake yote matatu, na nililiandika. Tulikuwa hatujalisikia likitajwa lote hivyo tangu aondoke. Kilichotokea... Hapo nikasimamisha kalamu, palipotakiwa mahali na siku ya kifo.

"Mama, banataka fasi na tarehe."

"Fasi gani?"

"Fasi alikufia. Na siku."

Alitazama barabara. Pikipiki zilipita, moja ikiwa na godoro, nyingine na watu watatu.

"Leo ni tarehe ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Basi andika ile. Na fasi uandike Goma, ku nyumba."

Nikaandika. Baba alikufa siku hiyo, nyumbani, kwa mwandiko wangu.